Dawa Si Chumvi ya Kuazimana

Nafula,

Salamu utazipata kesho asubuhi mdomoni mwangu, kwa hivyo hapa sianzi nazo. Wala sikuandikii habari za sweta, za maji ya kuchemsha, za kutotembea gizani kule Kimilili, au za baba yako mdogo Simiyu ambaye akilewa hujiona mchungaji. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mum, si basi, umenimaliza." Lakini hili moja siwezi kulisema kwa mdomo. Nikilisema utanikatiza, ukinikatiza nitakuzaba kofi, na wewe siku hizi umenipita kimo. Keti usome mpaka mwisho. Na ukimaliza usinipigie simu ukilia, maana sina la kukuambia zaidi ya haya.

Unaenda kumuuguza Kukhu, mama wa baba yako. Saratani imeingia kwenye mifupa. Shangazi yako Everlyne amemuuguza mpaka amechoka, shule anayofundisha imefunguliwa, na mgonjwa mwenyewe amesema hataki mtu mwingine ila wewe. Kando ya kitanda chake kuna chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali aliyopewa hospitalini. Wewe ndiwe utakayeipima na kumnywesha. Hapo ndipo roho yangu inapokwama. Saratani siiogopi, hiyo itafanya kazi yake tutake tusitake. Ninaogopa mkono wako, kwa sababu umeurithi kwangu.

Usijifanye hujui ninachosema. Baba yako hakufa kwa presha, hata kama ndivyo tulivyowaambia watu wa kanisa. Alikufa kwa dawa tatu nzuri zilizokutana tumboni mwake, na aliyezikutanisha ni mimi. Ulikuwepo, ulikuwa darasa la saba. Tangu hapo tumelizunguka jambo hili humu ndani kama tunavyolizunguka lile dimbwi la maji machafu pale langoni, kila mtu na njia yake, kila mtu akikunja sketi. Sasa wewe unaenda kushika chupa, na mimi siwezi kuendelea kukunja sketi.

Wewe unamkumbuka mama yako mshona sare za shule, mwanamke wa kelele na cherehani. Kabla ya hapo nilikuwa na jina lingine hapa mtaani Mbotela. Niliitwa Mama Dawa, na usicheke, nililipenda hilo jina. Nilikuwa na mkebe wa majani chai juu ya kabati, na ndani ya mkebe mlikuwa na kila tembe iliyobaki katika nyumba za mstari wetu. Mtoto wa fulani akipona kabla dawa hazijaisha, mama yake analeta zilizobaki. Mzee wa fulani akifa, kabla hata viti vya matanga havijarudishwa, dawa zake zimefika kwangu. Nani angetupa dawa? Dawa ni kama chumvi, ukikosa unagonga kwa jirani. Mama Shiru wa nyumba ya pili alikuwa akiniambia, "Weka tu kwa mkebe, Mama Nafula, kesho zitasaidia mtu." Na kweli zilisaidia. Watu walikuja na meno, na migongo, na watoto wa homa, nami nafungua mkebe, nanusa, natazama rangi, nagawa. Tenda wema nenda zako. Hakuna aliyekufa. Hilo ndilo lililoniharibu, Nafula, kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyekufa.

Kisha gunia la unga likamwangukia baba yako pale kiwandani Industrial Area. Lilimpata mgongoni akiwa ameinama, na mgongo wa Wanjala haukuinuka tena. Hospitali wakampiga picha, wakasema mfupa umeubana mshipa, wakampa tembe za maumivu, zile kali zinazoandikwa na daktari. Nesi wa dirishani alinieleza vizuri. Alisema, "Mama, hizi asichanganye na pombe, wala na dawa za usingizi, wala za kifua, mpaka umuulize daktari." Nilimsikia. Sikio langu lilikamata neno pombe, nikacheka, nikamwambia, "Huyu ameokoka, sista, pombe aliiacha akiwa kijana." Baada ya hapo sikusikiliza tena. Nilikuwa naona aibu kufundishwa dawa na msichana mdogo, mimi Mama Dawa mzima.

Unamkumbuka baba yako alivyogeuka? Kwenye picha pale ukutani anatabasamu, na naona umeanza kuiamini hiyo picha. Mimi niliishi na yule mwingine. Maumivu yalimfanya mtu mbaya. Alinitukana kwa Kibukusu, akanitukana kwa Kiswahili, akaniita mwanamke mkavu. Alirusha kikombe kikampata kaka yako Kevo begani. Usiku hakulala na hakuna aliyelala. Nami asubuhi nikae kwenye cherehani nikishona kola ambazo macho hayazioni. Nilidunga kidole changu na sindano, nikaangalia damu ikiingia kwenye shati jeupe la mtoto wa watu, nikasema moyoni, huyu mwanaume angenyamaza. Sikusema apone. Nilisema anyamaze.

Jumapili ile sikuenda kanisani. Ninyi mlienda. Alikuwa ameshikwa na mafua juu ya yale maumivu ya mgongo, kila akikohoa analia kama mtoto, na hilo la kulia lilimtia hasira kuliko maumivu yenyewe. Alikuwa amemeza tembe yake ya hospitali. Nikamwongezea dawa ya kifua, ile ya maji ya kahawia iliyotoka kwenye duka la dawa pale Jogoo Road, inayomlegeza mtu. Akakohoa kidogo, akatulia kidogo, akaanza tena. Akaniambia, "Mama Nafula, nisaidie nilale. Hata kama ni kunigonga na nyundo." Nikapanda kwenye stuli nikauteremsha mkebe. Mlikuwa na tembe za Mama Shiru, zile alizopewa yeye ili apate usingizi baada ya mumewe kufariki. Alizitumia akazichoka, akaniletea. Nikampa. Baada ya muda, akiwa bado anageuka geuka, nikampa nyingine.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo watu wote wanaponifariji na wote hukosea. Husema, "Ulifanya kwa huruma." Mchungaji alisema hivyo nilipomwungamia, shangazi yako amesema hivyo, na wewe uliwahi kuniambia siku ile ya harusi ya Kevo, tukiwa tunaosha sufuria. Uongo. Huruma ilikuwepo, sikatai, lakini haikuwa peke yake. Nilimpa ili mimi nilale. Nilimpa ili nyumba inyamaze. Uchovu huvaa nguo za huruma, Nafula, na ukivaa hivyo hata mwenyewe huutambui. Siku utakapojisikia umejaa huruma kupita kiasi juu ya Kukhu, kwanza jiulize umelala lini mara ya mwisho.

Mliporudi kutoka kanisani alikuwa anakoroma. Si mkoromo wake wa siku zote. Ulikuwa wa chini, mzito, unavuta, unakwama, kisha kimya kirefu, halafu unavuta tena. Wanawake wote wa mstari walikuwa nje wanaosha vyombo, na mlango wetu ulikuwa wazi. Tulicheka. Mama Shiru alisema, "Leo simba amelala, sisi swara tupumzike." Mimi nilicheka kuliko wote. Nikapunguza redio, nikatandika kitenge mlangoni, nikakaa nimenyoosha miguu kama mtu aliyepewa likizo. Wakati ule, mwanangu, dakika zile zile ninachekacheka nje, baba yako alikuwa anasahau kupumua. Dawa hizi za maumivu hufanya hivyo. Moja peke yake, kwa kipimo chake, ina adabu. Ukiiongezea inayoleta usingizi, na tena inayolegeza kifua, zinashikana mikono na kuuambia mwili, pumzika, hata kupumua si lazima. Na mwili unatii. Mkoromo ule haukuwa usingizi. Hilo nimefundishwa wakati halina kazi tena.

Wewe ndiwe uliyeona. Uliingia kuchukua daftari lako, ukatoka ukasema, "Mum, mbona midomo ya Dad imekaa kama majivu?" Nikakuambia umwache alale. Ukarudi ndani, ukamgusa mguu, ukatoka tena. "Mum, ni baridi. Na haamki." Nikakuzaba kofi mbele ya wanawake wote. Nikasema, "Ukimwamsha baba yako leo, utanitambua!" Ukaenda kukaa kwenye ngazi ya choo umeshika shavu. Sikuombi msamaha katika barua hii, kwa sababu nimeuomba mara nyingi na kila mara wewe ndiwe unayeishia kunibembeleza, mpaka imekuwa kama mchezo. Ninakukumbusha kwa sababu nyingine. Katika ua mzima uliojaa watu wazima, waliosoma na waliozaa, mtu pekee aliyemtazama mgonjwa usoni ulikuwa wewe. Nenda na macho hayo Kimilili. Na mtu akikuzaba kofi kwa ajili ya macho hayo, mrudishie.

Hilo si baya kuliko yote. Umeshawahi kujiuliza kwa nini sipiti ile barabara ya hospitali, nazunguka hadi City Stadium? Nikuambie. Tulimfikisha akiwa bado na pumzi, kidogo tu, lakini alikuwa nayo. Kevo na vijana wa mtaa walimbeba. Daktari wa zamu, kijana mwembamba, akamfunua macho akamulika tochi, akageuka kwangu akauliza, "Mama, amekunywa nini?" Nyuma yangu alisimama Simiyu, aliyekuwa amekuja Nairobi kumwona kaka yake. Alisimama Mama Shiru, mwenye tembe. Nikaona nikisema, nitaonekana mjinga mbele ya shemeji yangu na mtoa roho mbele ya jirani yangu. Nikasema, "Hajameza kitu tangu asubuhi. Ni mgongo tu na mafua." Akauliza tena, polepole, kama anayeongea na kiziwi. Nikakasirika. Nikamwambia, "Kwani unafikiri nimempa sumu?"

Akaniamini. Wakaanza kutafuta presha, wakatafuta kiharusi, wakampeleka kwenye foleni ya picha ya kichwa. Mimi nimesimama pale na ukweli mdomoni kama mate. Nilipokuja kuusema, nilimfuata kwenye korido nikamshika mkono wa koti, nikamwambia yote, za hospitali, za kifua, za Mama Shiru. Alinitazama. Hakunifokea, heri angefoka. Alikimbia. Akarudi na sindano, wakamdunga, wakamkandamiza kifua, na baba yako hakurudi. Kijana yule aliniambia kitu kimoja tu: "Mama, ungesema." Hakusema angepona. Wala hakusema asingepona. Ameniachia hapo katikati, na hapo ndipo ninapoishi mpaka leo, ninapopika, ninaposhona, ninapocheka na wewe.

Kukhu aliambiwa na Simiyu, ambaye masikio yake hayakuwa na kazi nyingine pale koridoni. Unakumbuka mazishi kule Kimilili. Unakumbuka alivyoninyang'anya udongo mkononi kaburini, akasema mbele ya wazee, "Huyu asimtupie mwanangu hata vumbi, amemtupia vya kutosha." Watu walinionea huruma. Ulimchukia Kukhu siku ile, najua, ulikataa kula kwake. Lakini nikuambie, kati ya watu wote waliokuja, yeye pekee hakunidanganya.

Tulirudi Nairobi, na matanga ya huku yakaendelea hapa nyumbani. Watu wamejaa, chai inapikwa nje, nyimbo zinaimbwa. Mwanamke mmoja wa mstari wa nyuma, jina nalihifadhi, akaja akanivuta kando akaninong'oneza, "Pole mama, Mungu akutie nguvu. Kichwa kinaniuma hapa, huna kitu kwa ule mkebe?" Wanjala hajamaliza wiki ardhini! Na mimi, Nafula, nilipanda kwenye stuli. Mkono ulienda wenyewe. Nilimpa tembe mbili, akanishukuru, akameza na chai ya matanga. Nilipotambua nilichofanya nilienda chooni nikatapika mpaka nyongo, kisha nikarudi nikauchukua mkebe wote nikaumwaga shimoni. Sikulala nikimwaza yule mwanamke. Asubuhi alipita mlangoni akiimba, kichwa kimepona. Ana bahati, hana akili, na bado ananichukia, kwa sababu aliporudi mara ya pili nilimfukuza.

Maana walirudi, ehe! Wote walirudi. Ulifikiri kifo kitawafunza? Mmoja alisema, "Si wewe ni Mama Dawa, umekuwaje?" Mwingine akasema nimeanza kuringa tangu nilipwe pesa za kiwanda. Mama Shiru nilimwambia kwamba dawa ya mtu mmoja si ya mtu mwingine, kwamba hata zako za jana zinaweza kugombana na zako za leo, kwamba aulize wenye kujua. Akaniuliza, "Kwa hivyo mimi ndiye nimemuua mzee wako?" Hakuna nilipomtaja. Lakini hatujaongea vizuri mpaka leo, na tunachota maji kwenye mfereji mmoja. Nilipokuwa nagawa sumu nilipendwa. Nilipoacha nikaitwa mchoyo.

Sasa wewe. Una moyo laini, Nafula, laini kama uji wa mtoto, na watu husema ni sifa. Hukuweza kumnyima paka. Uligawa chakula chako cha shule mpaka ukapata vidonda vya tumbo. Juzi nilipokuambia kuhusu dawa za Kukhu ukanijibu ukitazama simu, "Mathe, relax, siwezi confuse dawa, kila kitu kiko Google." Kwani mimi nilichanganyikiwa? Nilijua kila tembe kwa rangi na kwa harufu. Sikukosea chupa hata moja. Nilishindwa kumwona mtu akiumia huku nimekaa, na hilo Google haina dawa yake.

Nikuambie kitakachokupata, ili kisikushtue. Yule nesi anayekuja na pikipiki atakuonyesha kipimo na saa zake. Utafuata. Halafu siku moja mvua itanyesha, barabara itakuwa tope, nesi hajaja, na maumivu yatampanda Kukhu kabla ya saa ya dawa. Jirani ataleta tembe za usingizi za mumewe zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Ataapa kwa Mungu kuwa hazina neno. Simiyu ataleta pombe ya chang'aa kwenye kikombe cha chai, aseme wazee wa zamani walikufa wakitabasamu. Mtu wa kanisa ataleta mizizi iliyochemshwa, hata jina lake halijui. Mwingine ataleta dawa ya kikohozi, kwa kuwa kweli atakuwa anakohoa. Wote watakuwa na machozi. Wote watakuwa watu wazuri kuliko mimi. Na Kukhu mwenyewe atakuomba. Atakuita kwa jina la utoto wako, atakuambia wewe ni baba yako mtupu, atakuambia usimtese kama mama yako. Atajua pa kukugusa, huyo. Hajawahi kukosa.

Kataa. Kataa kwa ubaya kama ubaya ndio utakaohitajika. Tupa kile kikombe cha Simiyu nje kikiwa na vilivyomo, useme umefundishwa na mama yako mchawi, nimeshazoea. Watakuita mkatili. Waache waite. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na hili ni la wazee pia.

Lakini usigeuke upande wa pili, maana nakujua, ukitishwa unaruka mpaka ng'ambo. Mofini yenyewe mpe. Usimpunguzie kwa kuogopa kivuli changu, usimcheleweshee ili umfundishe uvumilivu, hiyo nayo ni mauaji ya polepole. Kipimo kikiwa hakitoshi, mwenye kukiongeza ni nesi. Wewe huongezi, na jirani haongezi. Mpigie, usione haya, mpigie akiwa anakula, mpigie mpaka akuchoke. Mwonyeshe kila kitu ambacho Kukhu anameza, hata za presha, hata mizizi. Na akilala ule usingizi wenye mkoromo wa kukwamakwama, usikae nje unyooshe miguu. Mtikise. Mwite kwa jina. Akiamka akutukane, shukuru Mungu, huyo mzima. Asipoamka, piga simu, tafuta gari, usingoje wazee wakae.

Utaniuliza kwa nini siendi mimi, mkwe wake. Shangazi yako aliponipigia nilimwuliza, "Nije?" Akasema, "Wifi, amesema wewe usikanyage." Kisha akaweka simu karibu na kitanda ili nimsalimu mgonjwa, nami nikamsikia Kukhu akilia. Kilio cha mfupa, nakijua. Unajua nilihisi nini? Nilifurahi. Nilisimama hapa jikoni nimeshika mwiko, nikafurahi, nikasema moyoni, sasa umejua alivyosikia mwanao, sasa umejua nilikuwa nasikiliza nini kila usiku. Furaha ile ilikaa mpaka ugali ukaungua. Mungu anisamehe au asinisamehe, shauri yake. Basi hata kama Kukhu angenibembeleza, singeenda. Mkono huu ulishamwua niliyempenda. Sitaki kuupa chupa ya mtu ninayemchukia.

Ndiyo maana nakuacha wewe uende, na ndiyo maana nimekuandikia maneno ambayo mama hamwandikii mwanawe. Kule Kimilili akifa kwa ugonjwa wake, hakuna atakayekuuliza. Akifa vinginevyo, hawatasema Nafula alikosea. Watasema mtoto wa yule mwanamke. Watakuhesabia damu yangu pamoja na yako, na mwanaume atakayetaka kukuoa ataambiwa asile kwako. Nimeishi katika jina hilo. Halivuliki, nimejaribu.

Na kama utakosea, kwa kuwa na wewe ni mtu, na kwa kuwa utachoka, basi usinipigie mimi. Nimelifikiri hili jioni nzima na nimelia nikilifikiri, lakini nalisema: usinipigie. Utataka kuniita "Mum" ili nikuambie haikuwa makosa yako, na nitakuambia, na dakika hizo tutakazolia pamoja ndizo Kukhu atakazokosa. Mpigie nesi. Mwambie ulichompa, jina lake, na saa yake, na nani alikuletea, useme mbele ya Simiyu, mbele ya shangazi yako, mbele ya mchungaji na kijiji kizima kikiwa kimesimama mlangoni, kabla hata hajakuuliza. Waache wakudharau. Wewe sema. Baada ya hapo, akipona au asipopona, hata iwe saa ngapi, nipigie. Nitachukua simu.

Mama yako,
Nekesa